Nimeshakula Jikoni

"Nani mwingine amekula uyoga huu?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua wapo waliotaka kunichania gazeti. Lakini mimi nifanye nini? Nafasi ilikwisha daktari akiwa bado amesimama katikati ya wodi, kipande cheupe cha uyoga kwenye koleo yake ndogo. Hajaketi mpaka leo.

Sufuria iliyopikiwa iko sakafuni, haijaoshwa. Kitandani amelala Fundi Vigae, bwana harusi ambaye hata picha zake za harusi hazijapata fremu. Kulia kwake yuko mama yake mzazi, mkoba kifuani. Kushoto yuko mkewe, yule tunayemwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kupumzika.

Leo amepumzika. Neno halitoki.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema kwa pumzi moja. Hawa wawili wamehamia mji huu baada ya harusi, Fundi akiwa amepata kazi ya kuweka vigae kwenye hoteli mpya. Hawajui mtu. Sikukuu ilipokaribia na kazi kusimama, wakaahidiana kwamba mapumziko yote wataula msimu wa mji huu mpaka waumalize. Walikula mapera hadi meno yakashika ganzi. Walinunua asali na masega yake, wakaila wakitembea, mikono ikagandana na wasijali. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, wakaenda kutembea kwenye msitu wa misonobari nyuma ya tangi la maji, wakauona uyoga mweupe umejaa chini, sawasawa na ule wa kwao. Wenyeji walikuwa wanapita na watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyeinama.

"Watu wa mjini hawajui utamu," Chiriku alisema, wakajaza kikapu wakicheka.

Usilolijua ni usiku wa giza. Haya, turudi wodini.

"Nauliza tena," daktari alisema. Ni mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba na sauti ya chini isiyopenda kurudia. "Nani mwingine amekula?"

Fundi alijiinua kwa kiwiko. "Mke wangu! Daktari, mke wangu alikula kabla yangu. Niacheni mimi, mwangalieni yeye!"

Chiriku akafungua kinywa. "Mimi..."

"Alikula jikoni," Fundi alisema, anahema. "Nilitoka kuoga nikamwambia, kaa tule. Akaniambia, nimeshakula jikoni. Mwenyewe, kwa mdomo wake!"

Ni kweli alimwambia hivyo. Hapo hakuna ubishi.

Ila uyoga una tabia moja. Kikapu kizima ukikitia motoni, kinanywea mpaka unadhani umeibiwa. Chiriku alipofunua sufuria alikuta kitu cha kujaza sahani moja. Akamfikiria mumewe, mgongo ule uliokuwa umeinamia sakafu za watu wengine mwezi mzima. Akampakulia wote, akakwangua na sufuria kwa mwiko, kisha akasimama pembeni ya sinki akala wali baridi wa mchana kwa chumvi. Mume alipouliza, akasema uongo mdogo wa mapenzi. Mama yake Chiriku aliusema uongo huohuo maisha yake yote ya ndoa, na hakuna aliyekufa.

"Basi naye alazwe," daktari alimwambia nesi. "Andaeni kitanda cha pili."

"Daktari, mimi..."

Hakumaliza. Mkoba ulianguka sakafuni, na mama mkwe akamshika mikono yote miwili.

Sasa msikilize vizuri. Tangu mama huyu ashuke kwenye basi kuja kula sikukuu na mwanawe, hajamwita mkwewe kwa jina lolote. Ni "huyo" tu. Huyo amezidisha chumvi. Mwambie huyo afunge dirisha. Uyoga ulipoletwa mezani alivuta sahani yake ya maharage akasema, "Mimi kitu kisichopandwa na mtu sikili," akamtazama huyo kwa jicho la pembeni. Na leo, mwanawe alipoangushwa na tumbo, neno la kwanza kumtoka lilikuwa, "Huyo kamlisha nini mwanangu?"

Na sasa machozi yanamtiririka.

"Na wewe, mwanangu? Kumbe na wewe?"

Mwanangu! Chiriku alikuwa amelisubiri neno hilo tangu siku ya harusi. Alikuwa ameliombea. Mikono iliyomshika ilikuwa ya baridi na imelowa jasho, lakini haikumwachia.

"Mama, sikiliza..."

"Nyamaza, usipoteze nguvu. Jamani, kitanda kiko wapi? Hamwoni mtoto anatetemeka?"

Hebu ungekuwa wewe, msomaji. Ungesema? Ukisema "sikula", swali linalofuata linajulikana: kwa nini hukula? Mke mpya, mji mgeni, hana ndugu wala jirani wa kumtetea, amempakulia mume sumu sahani nzima na yeye hajagusa hata kijiko. Nani angekaa chini amsikilize habari za uyoga kunywea?

Chiriku akanyamaza. Na kunyamaza kwake kukawa jibu.

* * *

Daktari alimtoa Chiriku wodini akampeleka kwenye dirisha la korido, mahali ambapo Fundi asingesikia. Nje barabara ilikuwa imefurika. Watu wamevaa nguo mpya, watoto wameshika maputo, muziki unatoka kila duka. Juzi tu Chiriku alikuwa katikati ya watu hao, amening'inia kwenye mkono wa mumewe, anaonja kila tunda analopewa na muuzaji.

"Umetapika?"

"Hapana."

"Tumbo linakata?"

"Hapana. Daktari, mume wangu ameacha kutapika. Amepata nafuu, sivyo?"

Daktari alishusha pumzi. "Ningependa kukuambia ndiyo. Uyoga huu una hila. Unamkata mtu tumbo, halafu unamwachia. Mgonjwa anasikia njaa, anacheka, anataka kwenda nyumbani. Wakati anacheka, sumu inakula ini."

Chiriku alishika chuma cha dirisha. "Dawa hakuna?"

"Ipo. Ikiwahi, na ikitosha, inalinda ini. Tatizo ni kutosha. Bohari kuu imefungwa kwa sikukuu, na gari la kutoka mji wa pili ndiyo kwanza limeondoka. Zilizomo kabatini kwangu zinamtosha mtu mmoja mpaka gari lifike."

"Mtu mmoja."

"Ninyi ni wawili. Nitagawa."

"Nusu inatosha?"

Daktari aliangalia maputo nje. "Sijui, mama. Nasema ukweli, sijui. Kwa wengine imetosha."

Yalimfika shingoni. Aliona wazi alichokifanya. Sahani alimpa nzima kwa mapenzi, na dawa sasa anamnyang'anya nusu kwa woga.

"Pimeni damu yangu," alisema haraka. "Damu itasema kama nina sumu au sina."

"Mtu wa maabara yuko sikukuu kwao. Simu yake haipatikani. Nikimsubiri nitakuwa nimewachelewesha wote wawili. Na mumeo ameshasema ulikula."

"Daktari, kuna jambo sikulisema pale..."

"Amepona! Njooni mwone, amepona!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Daktari aligeuka akakimbia na viatu vyake vya raba, na jambo likabaki kinywani mwa Chiriku.

* * *

Walimkuta Fundi ameketi, miguu inaning'inia kitandani, rangi imemrudia usoni. Mama yake alikuwa anakunja shati lake na kulitia kwenye mkoba.

"Tunakwenda nyumbani," mama mkwe alitangaza. "Mwanangu hana kitu. Ameomba chakula!"

"Nina njaa, jamani, si mchezo," Fundi alisema. "Chiriku! Matikiti yameingia sokoni, muuzaji aliniahidi. Kesho twende uwanjani, kuna mahindi ya kuchoma na ngoma mpaka basi. Tulisema tutaumaliza msimu au hatukusema?"

"Tulisema," Chiriku alijibu, akatazama ukuta. Angemtazama yeye angeanguka.

"Mbona umenuna? Mimi ndiye niliyekula uyoga, wewe unafanya kama umekula ndimu."

Alicheka mwenyewe. Kicheko kile ndicho Chiriku alichokipenda kwanza kabla ya kumpenda mwenyewe. Leo kila kiliposikika alitamani amzibe mdomo, maana daktari ameshamwambia kicheko hicho kinatoka wapi.

"Rudi kitandani," daktari alimwambia. "Hakuna anayeondoka hapa."

"Lakini daktari, mwenye mwili ni yeye na anasema hana kitu," mama mkwe alianza, kisha akasita. Aliweka mkono tumboni, akaushusha haraka. "Haya. Ninyi ndio mliosoma. Ngoja nikanawe uso, machozi haya yananiwasha."

Akatoka kwenda msalani. Alikuwa ameshakwenda kabla ya hapo, na kabla ya hapo pia, lakini siku ile nani alikuwa na muda wa kumfuatilia mama wa watu anapokwenda kulia?

Nesi alimlaza Chiriku kwenye kitanda cha jirani. Akamfunga mpira mkononi, akapangusa mshipa kwa pamba yenye spiriti, akatundika dripu. Ni binti mchangamfu aliyekosa sikukuu kwao kwa ajili ya zamu, na alidhani anafariji.

"Usiogope dada, mtagawana hizi zilizopo, nusu yako, nusu ya shemeji. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Fundi aligeuza shingo. "Kugawana? Kwani hazitoshi?"

Nesi akauma mdomo. Daktari akamtazama kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo.

Sindano ilikuwa imeshagusa ngozi. Chiriku alivuta mkono kwa nguvu mpaka kimeza cha dawa kikayumba.

"Sikula!"

Wodi nzima ikageuka.

"Sikula uyoga. Hata kijiko. Nilidanganya." Lile bomba la maneno lililokuwa limeziba tangu asubuhi likafunguka lote. "Ulikuwa mdogo, ulinywea, ukabaki wa sahani moja, nikasema huyu amechoka, huyu amefanya kazi mwezi mzima, acha ale yeye ashibe. Nikala wali wa mchana na chumvi. Nikakwambia nimeshakula jikoni ili usinilazimishe. Basi. Ndiyo hivyo. Dawa yote mpeni yeye, mimi sina kitu, mimi mzima, nawaombeni!"

Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe, uso umelowa maji, ameegemea fremu. Amesikia yote. Chiriku alimwona, akajua neno "mwanangu" limekwisha leo hii, halikumaliza hata saa.

Lakini aliyesema kwanza ni Fundi. Na hakusema, alicheka.

"Mnamwona? Mnamwona mke wangu?" Aligeukia wagonjwa wengine kama mtu anayeonyesha mali. "Ndivyo alivyo! Kwenye basi la kuja huku alinipa kiti cha dirishani, anasema dirisha linamtia kichefuchefu. Mwongo! Anapenda dirisha kuliko mimi. Blanketi letu moja, analisukuma lote kwangu anasema ana joto, huku meno yanagongana. Sasa amesikia dawa ni chache, basi hakula!"

"Mume wangu, safari hii ni kweli."

"Na safari ya blanketi ulisema ni kweli."

"Nakuapia!"

"Na kwenye basi uliapa." Kicheko kilimwisha, sauti ikashuka. "Chiriku, mimi si mtoto. Mchome, dada."

"Nesi, usinichome!"

"Mchome. Asipochomwa yeye, mimi naing'oa hii." Akashika mpira wa dripu yake, akauzungusha kwenye kidole.

"Usiguse!" daktari alifoka.

"Basi mchomeni mke wangu."

Jamani! Chiriku amesema maneno mengi maishani mwake, ya maana na ya upuuzi, na yote yalipata wasikilizaji. La kweli kuliko yote ndilo limekosa mtu wa kulinunua. Alimwangalia daktari, daktari akamwangalia yeye, kisha akamwangalia Fundi na kile kidole kilichozungushiwa mpira. Nesi alikuwa ameshika sindano hewani hajui aipeleke wapi.

"Nani alikuwepo jikoni?" daktari aliuliza.

"Hakuna," Chiriku alisema, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, bila haya, kama mtu aliyefiwa, na kwa kweli alijiona ameshafiwa. "Nilikuwa peke yangu."

"Anasema kweli."

Ni mama mkwe. Aliachia fremu ya mlango akaja polepole, anashika vyuma vya vitanda kimoja baada ya kingine.

"Mama, wewe hukuwepo jikoni," Fundi alisema.

"Sikuwepo. Asubuhi niliamka kabla yenu, nikasema nipashe ule wali wa mchana niule na chai. Nikakuta sufuria tupu. Usiku ule mimi nilikula maharage, wewe ulikula uyoga. Wali aliula nani?"

Fundi alimgeukia mkewe.

"Na hata nisingeona sufuria, ningejua." Mama mkwe alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mwanawe, akavuta pumzi kwanza. "Nimeshakula jikoni. Unakumbuka nani mwingine alikuwa anakwambia hivyo? Kila siku ya nyama. Kila sikukuu. Wewe na baba yako mezani, mimi nimeshakula jikoni. Hakuna mwanamke anayekula jikoni, baba. Ni namna tu ya kusema chakula hakitoshi. Umekua ukilisikia neno hilo mpaka ukawa fundi, na baba yako amekwenda kaburini anaamini mimi nilikuwa mlafi wa kuonja."

Mzee wa kitanda cha kona aliyekuwa anakohoa tangu wiki iliyopita aliacha kukohoa.

Fundi alifungua kidole kimoja, kisha mkono wote. Mpira ukarudi mahali pake.

"Hukula kweli?" alimuuliza mkewe.

"Sikula."

"Dawa zote kwa mgonjwa," daktari alisema, na safari hii hakuhitaji kurudia. Nesi alimfungua Chiriku mpira, akahamisha chupa, akaanza kazi kwenye mkono wa Fundi. 

Mama mkwe alimgeukia mkwewe. Chiriku alijikaza kusikia "huyo".

"Nisamehe, mwanangu," mama mkwe alisema. "Nilikuonea wivu. Nilidhani amepata mke wa kumwonyesha mji na kumlisha maneno tu. Kumbe umenirithi mimi."

Chiriku alilia tena, lakini kilio kingine. Ningependa kukuachia hapo, msomaji. Ningependa kabisa. Lakini Fundi alikuwa hajamaliza kusema.

"Basi tumedanganyana wote wawili," alisema, anatabasamu kwa aibu.

"Wewe umedanganya nini?" Chiriku alijifuta pua.

"Mimi nilijua jikoni umeonja tu. Nakujua. Kwa hiyo sahani sikuimaliza. Ulipokwenda kutandika kitanda nikakubakizia, nikatia kwenye lile bakuli la bluu, nikaficha kabatini nyuma ya kopo la majani ya chai. Nilisema asubuhi ukipika chai utalikuta, utafurahi." Akamtazama mkewe. "Ulilikuta?"

"Sikulikuta."

"Ahsante Mungu. Basi bado limo. Ukifika nyumbani ulimwage mbali, hata paka wasilione."

"Nitalimwaga," Chiriku alisema.

Alisema bila kufikiri. Kisha akafikiri.

Asubuhi ile chai hakupika yeye. Alipoamka alikuta birika tayari mezani, na lile bakuli la bluu alikuwa ameliona. Lilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, limefunikwa chini, linachuruzika maji. Limeoshwa vizuri.

Polepole aligeuza macho kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa anamtazama yeye. Midomo imekauka. Jasho limejipanga kwenye paji la uso, na wodi ile ilikuwa na baridi. Mkono mmoja ulikuwa umerudi tumboni, na safari hii haukushuka.

Kunawa uso. Kunawa uso. Kunawa uso.

"Mama," Chiriku alinong'ona.

Mama mkwe aliinuka kwenye kitanda cha mwanawe akahamia cha mkwewe, akamkalia karibu, mgongo wake ukamkinga Fundi asiwaone. Akauchukua mkono wa Chiriku akauweka mapajani pake.

"Nilikuwa natafuta majani ya chai," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Harufu ikanishinda. Nilisema nionje kidogo tu, nijue huyo anapika nini. Nikalimaliza lote kwa mkate. Halafu nikaosha bakuli, maana ningeonekana vipi, mimi niliyesema sili?"

"Lazima tumwambie daktari. Sasa hivi."

"Tumwambie nini? Nilikuwa mlangoni binti alipokuwa anasema kugawana. Nimesikia."

"Mama..."

"Nusu ya mwanangu siitaki."

"Gari litafika."

"Likifika, nitachomwa. Lisipofika, mimi nimeshakula sikukuu nyingi. Ninyi hii ndiyo ya kwanza." Alimminya vidole mpaka pete ya ndoa ikamwuma. "Wewe unajua kunyamaza kwa ajili yake. Umenyamaza kwa sahani. Nyamaza na kwa hili."

Chiriku alitazama juu ya bega la mama mkwe. Fundi alikuwa amelala chali, anamhesabia nesi matunda atakayomletea akitoka hapa, na nesi anacheka. Chupa ilikuwa inadondosha dawa taratibu kwenye mkono wake. Akisema neno moja, nusu ya hiyo itatolewa. Asiposema, huyu aliyemwita mwanangu mara mbili leo atakwenda kunawa uso tena, na tena, kisha ataacha, atasikia njaa, atacheka.

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni. Akasita, akageuka.

"Ngoja. Niwe na uhakika kabla sijafunga kabati. Mgonjwa ni mmoja tu? Hakuna mwingine yeyote aliyekula uyoga ule?"

"Hakuna," Fundi alijibu kwa furaha. "Mama yangu kitu kisichopandwa na mtu hali. Ndiyo pona yake! Au vipi, mama?"

"Ndiyo pona yangu," mama mkwe alisema, akatabasamu na midomo yake mikavu.

Daktari hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama Chiriku, kwa macho ya mtu aliyedanganywa mara moja leo na hataki mara ya pili.

"Na wewe, mama? Unasemaje?"

Vidole vikambana zaidi. Chiriku akafungua kinywa.